Kitambaa kilichotoka vibaya usikifiche, kipake nta

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro:

"Shikamoo Mama. Nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya kutia rangi vitambaa, hamu ikanipanda, nikanunua mita tisa za pamba na rangi zile za kuchanganya na kostiki na haidro, dawa mbili za kuyeyushia rangi. Nimepata vipande vitatu vya mita tatu tatu, na vyote sivipendi. Cha kwanza ni njano ya haradali yenye mabaka. Cha pili ni waridi, upande mmoja umekolea, upande wa pili umefifia kama kimefuliwa miaka kumi. Cha tatu nilikimwagia mabaki ya rangi zote, kikatoka kama maji ya kudekia. Mume wangu anasema nikate matambara. Rafiki yangu anasema nivipige batiki juu yake. Inawezekana, au nitaharibu zaidi? Nta sijawahi kuishika."

Marahaba mwanangu. Usikate kitu. Inawezekana, na kitambaa kilichokuudhi mara nyingi kinatoa batiki nzuri kuliko kitambaa cheupe kipya, kwa sababu cheupe kinakutaka uanze kufikiri toka mwanzo, na hicho chako tayari kina la kusema. Batiki nyingi nilizouza miaka yangu ya mwanzo zilikuwa makosa niliyoona uchungu kuyatupa.

Lakini tuelewane jambo moja kwanza, maana ndilo linalowapoteza wanaoanza. Rangi ya kitambaa si rangi ya ukuta. Fundi akipaka nyeupe juu ya ukuta wa bluu, bluu inapotea. Rangi ya kitambaa haifuniki. Inaingia ndani ya uzi na kuchanganyika na ile iliyotangulia humo. Njano yako ukiichovya kwenye bluu haiwi bluu, inakuwa kijani. Waridi ukiichovya kwenye bluu inakwenda zambarau. Na kila ukichovya unaongeza giza, hurudi nyuma. Kwa hiyo ukikaa na wazo la kuificha haradali utachovya mara nne, na mara ya nne utakuwa na ndugu wa kile kitambaa cha tatu.

Nta inakupa swali jingine: haradali hii naitaka ibaki wapi, na kwa kiasi gani? Penye nta rangi mpya haiingii, ya zamani inabaki kama ilivyo. Haradali gauni zima ni maradhi. Haradali hiyohiyo ikibaki vidoa vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi katikati ya kijani kizito, watu watakuuliza dhahabu hiyo umeipata duka gani. Wajava, ambao neno batiki lenyewe limetoka kwao, walilijua hili zamani. Vitambaa vyao vya kale vya Yogyakarta na Solo vina nili, na kahawia inayotokana na magome ya miti ambayo wenyewe huiita soga. Rangi mbili tu. Ukihesabu kwa macho unaona nne: nyeupe pasipoingia kitu, bluu, kahawia, na karibu nyeusi pale kahawia ilipopanda juu ya nili. Weusi ule haukununuliwa kokote.

Sasa tukague ulicho nacho. Umesema pamba, lakini wauza vitambaa nao wana pamba yao. Chomoa nyuzi mbili tatu za urefu na mbili tatu za upana, uzishike kwa kibanio, uziwashe. Pamba inaungua upesi, inanuka karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanasambaa. Uzi wenye poliesta unajikunja, unayeyuka, na unaacha kishanga kigumu. Ukikiona kishanga kwenye ile waridi, umepata na sababu ya kufifia kwake: rangi zetu hizi zinashika pamba, poliesta inazikataa. Kitambaa cha mchanganyiko bado unaweza kukipiga batiki, ila usitegemee kikolee sana hata ukikichovya hadi kesho.

Mabaka ya njano nayadhania mengine. Kitambaa kipya kinatoka kiwandani na wanga. Marekani, ile pamba nzito ya rangi ya maziwa ambayo jina lake limebaki tangu meli za Salem, Massachusetts zilipokuwa zikishusha majora Zanzibar karne ya 19, ina wanga mwingi tu. Usipoichemsha na sabuni kwanza, rangi inaingia panapoingilika. Ukiitumbukiza kikavu, vilevile. Ukiisonga kwenye beseni dogo ikajikunja, mikunjo inakuwa na rangi yake na migongo na rangi yake. Kabla ya kushika nta, vichemshe vyote vitatu na sabuni ya unga, kimoja kimoja, nusu saa. Utaona maji yakichukua rangi iliyokuwa imekaa juu tu bila kushika, na ni afadhali itoke leo kuliko itoke katikati ya kazi.

Kisha kata vipande vya ukubwa wa kiganja kwenye pindo la kila kitambaa, vinne vinne. Najua unaona ubahili wa kitambaa, ila vipande hivyo ndivyo vitakavyoharibika badala ya mita tatu. Kila ninachokuambia hapa chini kijaribu kwanza kwenye vipande hivyo.

Tuje kwenye nta. Mishumaa ya dukani ni parafini: rahisi, inayeyuka upesi, na ikipoa inakauka na kupasuka. Nta ya nyuki ni ghali, lakini inanata kwenye kitambaa na inakunjika bila kuvunjika. Batiki inataka zote mbili. Mimi hutumia sehemu mbili za parafini kwa moja ya nyuki nikitaka nyufa nyingi, na nusu kwa nusu nikitaka mchoro safi. Ukitumia mishumaa mitupu itabanduka ndani ya beseni la rangi, mchoro wako uelee mbele ya macho yako. Wajava mafundi wa kazi nyembamba huona nyufa ni dosari. Sisi huku tunazipenda, mteja anazitafuta kwa kidole zile mishipa mishipa ndipo aamini kwamba kitambaa kimepigwa kwa mkono. Kwako wewe nyufa ni rafiki zaidi, nitakueleza kwa nini.

Nta yeyusha nje, si ndani, na watoto wawe mbali. Ya moto wa kutosha ni kama nyuzi 110 hadi 120, lakini kipimajoto huna na mimi sikuwa nacho, kwa hiyo tumia kitambaa. Dondosha tone kwenye kipande cha kiganja. Nta iliyoiva inazama na kukifanya kitambaa kionyeshe upande wa pili, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Ikikaa juu ikiwa nyeupe, bado baridi: ukichovya hivyo rangi itapita chini yake. Ikianza kutoa moshi, umepitiliza; toa sufuria jikoni hapohapo. Ikishika moto, funika na mfuniko, usithubutu kumwaga maji. Tone la maji likigusa nta inayowaka linageuka mvuke papo hapo na kuirusha nta usoni kwako. Mfuniko uwe mkononi tangu mwanzo, usiwe wa kwenda kutafuta jikoni. Kwenye jiko la mkaa moto mwingi unapunguzwa kwa kufunika makaa na majivu.

Anza na haradali.

Kianike kitambaa kwenye kamba, jua liwe nyuma yake, ukitazame kwa umbali wa hatua kumi. Mabaka yataonekana kama mawingu. Ukipiga maua makubwa matano yenye nafasi tupu katikati, jicho litakwenda kwenye nafasi tupu na kuona mabaka, tena yataonekana zaidi kuliko sasa. Mchoro mdogo unaojirudia kwa karibu ndio unaoyamaliza, kwa kuwa jicho linakamatwa na kujirudia, na baka linageuka kuwa kivuli tu ndani yake. Kanuni hii nimeijaribu miaka mingi na sijaona ikiniangusha: kitambaa chenye mabaka mengi kipe mchoro mdogo na mwingi.

Kwa muhuri, tafuta kibao kinachoenea kiganjani, ubandike kipande cha sponji la godoro chenye unene wa vidole viwili, na juu ya sponji ukate umbo kwa wembe. Usikate ua. Wanaoanza wote hukata ua na linatoka kama buibui. Kata vidoa saba vilivyokaa kama mbegu za papai, au mistari mitatu mifupi iliyopinda. Sponji linanywa nta na kuishikilia, kwa hiyo unapiga mara tatu nne kabla ya kurudi kwenye sufuria. Kama huna sponji, uma wa chakula unatoa mistari minne mizuri, na mdomo wa kopo la nyanya unatoa duara. Chuma kinapoa haraka, kwa hiyo kiache ndani ya nta kishike joto kwanza.

Tandika gunia juu ya meza, juu yake nailoni, kisha kitambaa kikiwa kikavu kabisa. Chovya muhuri, kung'uta mara moja ukingoni mwa sufuria, piga, inua. Usikandamize, nta itatambaa. Pigo la kwanza baada ya kuchovya linakuwa nene na la nne linakuwa jembamba, na hilo usilisahihishe. Ukimaliza safu mbili, inua ukingo uangalie chini. Doa likiwa halijatokea upande wa pili, nta yako imepoa, rudisha jikoni, na hizo safu uzipige tena kwa nyuma.

Sasa nyufa. Asubuhi mapema ndio wakati wake. Saa nane mchana nta ni laini kama ubani uliotafunwa, haivunjiki hata uisonge. Loweka kitambaa kwenye maji baridi, ukipata barafu ni bora zaidi, kikae dakika tano, kisha kikunje kwa viganja hapa na pale kama unayebinya karatasi. Utasikia inavyokatika. Rangi itapenya kwenye nyufa hizo na kuchora mishipa ya kijani ndani ya vidoa vya haradali, na hapo ndipo urafiki niliokuambia unapoonekana: mishipa ile haijali baka liko wapi. Inapita juu ya palipokolea na palipofifia sawasawa, na kitambaa kizima kinaanza kuonekana ni cha mkono mmoja.

Rangi yenyewe iwe bluu, na iwe moja. Nakuomba sana hapo. Chukua ndoo ya plastiki, usichukue sufuria, kwa kuwa sufuria zetu nyingi ni alumini na kostiki inakula alumini. Itatoka povu na gesi inayoshika moto, na sufuria itabaki na vishimo. Vaa glovu na ufunike macho. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Koroga rangi kwa maji ya moto kidogo, tia kostiki, tia haidro kwa vipimo alivyokupa muuzaji wa rangi, funika robo saa. Rangi hizi kwa asili hazikubali kuyeyuka kwenye maji. Haidro ikisaidiwa na kostiki ndiyo inayozilazimisha kuyeyuka ili ziingie kwenye uzi, kisha hewa inazirudisha katika hali yake ya kutoyeyuka zikiwa zimeshanasa ndani. Ndiyo maana usikoroge kwa fujo kama unayepiga uji, unaingiza hewa mapema. Na kopo la haidro likae kavu, limefungwa. Ikipata unyevu inapata joto yenyewe hadi kuwaka.

Mchanganyiko huo mimina kwenye beseni kubwa la maji ya kawaida, tia haidro kidogo tena, na ungoje hadi mkono wenye glovu usihisi joto. Parafini inalainika mapema mno. Maji ya moto yatakuvulia nta yote kabla hujajua. Lowanisha kitambaa kwa maji baridi kwanza, kisha kizamishe chote, ukigeuze taratibu chini ya maji bila kukitoa. Dakika tano hadi saba, basi.

Kwa nini muda mfupi? Kwa sababu haradali yako nayo iliingia kwa haidro. Ile haidro iliyomo kwenye beseni la bluu haichagui. Sehemu zisizo na nta inaanza kuilegeza na njano ya zamani, na ukiacha nusu saa njano itakuja kuogelea kwenye bluu na kuitibua. Ukiona haijakolea, toa, ipigwe hewa, kisha rudisha dakika tano nyingine. Mara mbili fupi ni bora kuliko mara moja ndefu. Makosa mengi ya batiki juu ya rangi ya zamani ninayoletewa nitazame yamefanyikia hapa.

Ukikitoa usikikamue. Kitundike kwenye kivuli kimekunjuka, ukitazame kikibadilika, huwa nasimama kuangalia hadi leo. Kivuli, mwanangu, si jua. Jua la Morogoro litayeyusha nta na kuitandaza. Kikae dakika ishirini, kisuuze kwa maji baridi hadi maji yatoke meupe, kiache kikauke.

Kutoa nta, chemsha maji mengi na sabuni ya unga, tumbukiza kitambaa, kisukume kwa mti dakika chache. Nta itaelea, ienguliwe na upawa au uache maji yapoe igande juu kama samli, uitoe vipande vipande. Usimwage kwenye sinki wala mfereji, itaganda humo na utamlipa fundi bomba. Rudia na maji mapya hadi kitambaa kikikauka kisiwe na ugumu. Mchemsho huu wa sabuni una faida ya pili: rangi za aina hii zinatulia na kuonyesha sura yake ya kweli baada ya kuchemshwa, kwa hiyo usikihukumu kitambaa kikiwa bado na nta. Mabaki madogo yanamalizwa na pasi juu ya magazeti ya zamani. Wapo watakaokuambia utumie petroli. Wasikilize, kisha usifanye.

Waridi inataka akili tofauti. Ile kufifia upande mmoja wewe unaiona kasoro, mimi naona kitambaa kinachoshuka rangi kutoka juu kwenda chini, na kuna watu wanalipia mtu afanye hivyo makusudi. Usikitie muhuri. Chukua brashi pana ya rangi ya ukuta, yenye nywele za kweli si za nailoni maana zitajikunja kwenye nta, upake mistari mipana inayokwenda upande wa kupauka, iwe minene na mingi upande ule hafifu, ipungue kadiri unavyokwenda kwenye waridi iliyokolea. Nta ikishaganda lakini haijawa ngumu, chukua msumari na uikwangue: mistari myembamba, misalaba, mawimbi, jina la mtu ukipenda. Kila ulipokwangua rangi itaingia kama mchoro wa kalamu. Mkono wako ukitetemeka ni bora zaidi.

Wengi watakushauri bluu juu ya waridi upate zambarau. Si vibaya, ila zambarau ya namna hiyo imejaa kila kibanda. Ningekuwa mimi ningechovya kahawia, nikapata ile tunayoiita damu ya mzee, na mistari ya waridi iliyopauka ikabaki ndani yake kama ngozi ya kitunguu. Jaribu zote mbili kwenye vipande vya kiganja uamue mwenyewe. Macho ni yako, na kitambaa utakivaa wewe.

Cha tatu, maji ya kudekia, ndicho kigumu. Kimeshakunywa rangi nyingi, chovyo lolote la rangi ya kati litapotea ndani yake. Una njia mbili, na kipande cha kiganja ndicho kitakachokuchagulia. Dondosha jiki kwenye kipande kimoja, ungoje dakika tano. Rangi nyingi za haidro zinaistahimili jiki, hazitikisiki. Nyingine zinakubali. Doa likigeuka rangi ya mchanga au ya chungwa, bahati yako: paka nta mchoro unaotaka ubaki na giza, kisha kizamishe kwenye jiki iliyopunguzwa, kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji baridi, nje penye hewa, ukikitazama bila kuondoka. Kikifika rangi inayokupendeza kitoe. Hariri usiitie humo hata kwa majaribio, jiki inaila.

Na baada ya hapo jiki ni lazima uizime, maji peke yake hayatoshi. Kuna mwaka nilipata oda ya vitambaa vya meza, bluu yenye mchoro mweupe wa jiki. Vilitoka vizuri, nikavisuuza mara tatu, nikavipiga pasi, nikalipwa. Mwezi haukupita mteja akanirudishia mfuko: kila palipokuwa peupe pametoboka, kitambaa kinabaki mkononi kama karatasi iliyolowa. Jiki ilikuwa imebaki ndani ya uzi ikiendelea kula taratibu. Nilirudisha pesa zote. Siku hizi nikishasuuza nachovya kwenye maji yenye haidrojeni peroksaidi ya famasi, ile ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda, kiasi cha moja kwa kumi ya maji, robo saa, kisha nasuuza tena. Mtu akikuambia siki au ndimu, kataa: asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na mapafu hayana kiraka.

Jiki ikikataa, basi kitambaa hicho kinataka giza. Na kwa kuwa unaiogopa nta, hapa nakupa njia isiyo na moto. Wayoruba wa Abeokuta, Nigeria, wana kitambaa chao cha nili kinachoitwa adire, na aina moja hawatumii nta, wanatumia uji wa unga wa muhogo. Muhogo tunao. Pika uji mzito, uache upoe, upake upande mmoja wa kitambaa kwa unyoya wa kuku au kwa kuupitisha kwenye mfuko wa nailoni uliotobolewa kona, kama anayeandika juu ya keki. Ukauke juani kabisa, siku nzima. Ukikauka unapasuka wenyewe, nyufa kubwa kama tope la bwawa lililokauka. Kisha usikizamishe kwa fujo. Chovya haraka kwenye bluu nzito iliyopoa, toa, ipigwe hewa, chovya tena, mara tatu. Uji hauzuii kama nta, rangi itapenya kidogo upande wa nyuma, na mchoro utabaki wa kijivu kwenye bluu ya usiku, bila kelele. Uji ukishakauka tena unakwanguliwa kwa kisu butu, kinachobaki kinatoka na maji.

Kwa mpangilio, fanya haradali kwanza kwa kuwa ndiyo itakayokusamehe zaidi, waridi baada ya wiki, na cha tatu mwisho mkono ukishazoea. Usifanye vyote siku moja. Mtu aliyechoka ndiye anayesahau sufuria jikoni. Kila kimoja kikishamalizika, kifue peke yake mara tatu za mwanzo, na usimuuzie mtu hadi uone maji ya mfuo wa tatu yametoka meupe.

Na ile nta iliyoelea, ikusanye, iache ikauke juani isibaki na maji ndani, maana maji yaliyofichika kwenye nta ndiyo yanayoruka siku utakapoiweka tena jikoni. Itakuwa imechukua rangi ya kijani kijani. Haidhuru, inafanya kazi vilevile.